Mzee Aliyeuzwa Mnadani

Kuna maneno mawili yanayosemwa mtaani kwetu mjini, Kambarage, kuhusu wifi yangu Mageni. Yote mawili nimeyasikia kwa masikio yangu, moja dukani na jingine mlangoni mwa kanisa. La kwanza ni kwamba sisi wa mjini tulimtupa kijijini awe mtumishi wa makaburi. La pili ni kwamba anaongea na ng'ombe, kwa hiyo ni mchawi. Nimefundisha sekondari hadi nikawa mkuu wa shule, na najua kwamba uvumi haunyamazishwi kwa kufoka. Unanyamazishwa kwa kueleza jambo tangu mwanzo wake. Kwa hiyo naeleza.

Mageni ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, Benedict Ndaki, aliyekuwa mkaguzi wa shule. Walizaliwa nje kidogo ya Kagongwa, kwa mzee mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Mzee huyo ndiye Ndaki mwenyewe. Jina lake naliandika tu, silitamki, maana mkwe hatamki jina la baba mkwe, na kusoma kwangu hakukunifundisha utovu wa adabu. Mzee alipoamua kupeleka mtoto shuleni alimpeleka Benedict, na Mageni akapewa fimbo ya kuchungia. Ng'ombe aliowachunga ndio waliomsomesha mume wangu. Benedict hakulisahau hilo hata siku moja, na mimi sikumruhusu mtu alisahau mezani pangu.

Ni mwanamke mrefu, mwembamba, anayetembea kama anayechelewa. Hucheka kabla hajamaliza kusema lenyewe la kuchekesha, kwa hiyo mara nyingi hulisikii. Aliolewa Ushirombo, akafiwa na mume mapema, akarudi nyumbani na binti yake mmoja, Vumilia, kumtunza baba aliyekuwa amepofuka. Mzee alimfia mikononi. Tangu hapo nyumba ile ni yake, pamoja na zizi na kaburi la mzee. Hakuna aliyemtupa. Nilimwomba mara nyingi aje mjini akae nasi. "Nije nikae na nani, wifi?" alinijibu. "Huko kwenu wote mko hai."

Kando ya zizi kuna kijumba cha nyasi kinachofika magotini. Kila asubuhi kabla ya kusema na mtu yeyote humwaga hapo maji kidogo, akamsalimu baba yake kwa Kisukuma, akamweleza habari za nyumba. Jumapili hujifunga kitenge cha kina mama wakatoliki na kwenda kanisani, ambako anajulikana kwa jina la ubatizo, Mariana. Mwezi wa Novemba, waumini wanapopeleka majina ya marehemu wao wa kuombewa, yeye hutaja la baba yake. Mwaka mmoja katekista alimwambia kwamba mzee hakubatizwa. Akajibu, "Wewe andika. Kama Mungu hamtaki, atamfuta mwenyewe."

Mwaka nilioolewa nilimkuta alfajiri pale kwenye kijumba. Nilikuwa nimetoka chuoni, nina majibu mengi. Nikamuuliza anapata nini kwa kumwagia maji nyasi.

"Mimi nampa maji, yeye ananipa usingizi," akasema. "Nikinyamaza, na yeye ananyamaza. Nyumba ambayo watu wamenuniana unaijua ilivyo, au hukufundishwa?"

Kitu kingine alichokitunza ni yule dume. Katika nyumba kama ile, mwenye mji akifa huchaguliwa dume mmoja zizini akapewa jina lake. Halimi wala havuti mkokoteni. Hachapwi, na hauzwi mpaka mwenyewe aombwe. Anapozeeka, jina huhamia kwa mwingine. Huyu wa sasa alikuwa mweupe mwenye masikio meusi, mnene, mvivu, mwenye macho ya mtu aliyezoea kuamkiwa. Kwa kuwa jina silitamki, mimi nilimwita Mzee. Benedict alikuwa akicheka mpaka anakohoa: mkaguzi mzima wa shule, mkewe anamwambia mchungaji, "Mpishe Mzee apite."

Sasa niseme kwa nini jambo lililotokea liliniondolea usingizi.

Vumilia, binti wa Mageni, alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu iliposhika, Mageni alikwenda kwa yule dume na kumweleza baba yake kila kitu. Sikuwepo, lakini aliniambia alivyosema: "Maji sijakunyima. Na wewe usininyime mjukuu." Tangu siku hiyo mimba ilikaa. Daktari alikuwa na sababu zake na dawa zake, na mimi niliziamini. Mageni pia alimwamini daktari, na kila siku ya kliniki alimsindikiza bintiye. Ila aliamini kwamba kuna mkono mwingine umeshika upande wa pili, na kwamba mkono huo haupaswi kutukanwa.

Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tisa nilipofika kijijini kuandaa misa ya mwaka mmoja wa Benedict. Tulimzika pale pale, karibu na baba yake. Nilitaka kaburi lake lijengewe na kuwekwa marumaru kabla wageni hawajafika, maana wangekuja wa mbali: Padri kutoka Kahama, walimu wenzangu, na Coletha wa Bugarama, mwenyekiti wa kina mama wakatoliki kule, ambaye angeleta kwaya. Coletha ni mtu mwema, lakini jambo akiliona yeye, wameliona wote kuanzia Bugarama mpaka Ushirombo. Nilitaka akute kaburi la mtu aliyeheshimiwa.

Mwanangu Fredy ndiye aliyesimamia ujenzi. Ni fundi wa kompyuta, amekulia Kambarage, anaijua mifugo kwa kuila. Nilimwambia achague ng'ombe mmoja kwa kushauriana na shangazi yake, amuuze, amalizie marumaru. Siku hiyo ilikuwa ya mnada Kagongwa na pia ya kliniki. Shangazi mtu alikuwa kwenye foleni na Vumilia, simu haipatikani. Fredy akaingia zizini na mchungaji mgeni aliyeajiriwa juzi juzi. Wakatazama shingo za ng'ombe. Wote walikuwa na sugu la nira isipokuwa mmoja. Fredy akafikiri, kama mtu yeyote mwenye akili ya mjini angefikiri, kwamba auzwe asiye na kazi.

Ng'ombe waliporudi jioni, Mageni alisimama kwenye mlango wa zizi kama kawaida yake kuwapokea. Hakuwahesabu. Alitazama tu nafasi iliyo wazi.

"Mzee yuko wapi?"

Fredy alikuwa anaonja uji jikoni. Akatoka na kikombe. "Shangazi, shikamoo. Yule mweupe? Nimemuuza. Kapata mnunuzi mzuri sana."

Mageni hakuitikia salamu. Alikaa chini palepale, kwenye kinyesi, na kitenge chake kizuri.

"Umemuuza babu yako," alisema.

"Shangazi, ni ng'ombe."

"Na wewe ni fundi. Nani kakuuza?"

Nilimwinua. Aliniambia kwa sauti ndogo, ili Vumilia aliyekuwa ndani asisikie: "Amechukuliwa bila kuambiwa. Atajua nimemtupa. Na mtoto wa huyu yuko njiani, wifi." Nilijua la kumjibu. Ningeweza kumwambia kwamba mzee yuko mikononi mwa Mungu, na kwamba tumbo la Vumilia halijafungwa kamba kwenye pembe za dume. Badala yake nilimkung'uta kinyesi kwenye kitenge.

Fredy alimpigia dalali. Jibu lilikuja haraka na halikunisaidia: dume amenunuliwa na Maige mwenye bucha, amepakiwa kwenye lori kwenda Bugarama, na atachinjwa kwa ajili ya shughuli ya Ijumaa. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa.

Asubuhi tuliazima kirikuu cha jirani, kale kalori kadogo ka kubebea mizigo. Mageni alikazunguka akitikisa kichwa. "Mzee ataingiaje humu? Atakaa mbele na dereva?" Huo ulikuwa mzaha wake wa mwisho kwa saa nyingi. Vumilia tulimwambia tunafuata saruji, tukamwacha na jirani yetu Juliana, mwanamke mtulivu aliyezaa wengi. Nilimwachia Juliana namba zangu zote na kumwambia apige hata kwa kikohozi.

Barabara ya kwenda huko haina raha kwa mtu mwenye wasiwasi. Wachimbaji wa dhahabu wa huko hula nyama kwa wingi, na kila senta ya maduka barabarani ina mabucha yaliyopangana, mapaja yananing'inia, ngozi zimewambwa juani. Kila penye ngozi Mageni aliinama dirishani kutafuta rangi. Ngozi nyeupe ilipotokea alinishika goti mpaka tukaipita na kuona kwamba masikio si meusi. Mimi nilikuwa na rozari kwenye mkoba, na vidole vyangu vilikuwa ndani ya mkoba.

"Shangazi," Fredy akasema mara moja, macho yakiwa barabarani, "nisamehe."

"Sikudai mimi. Mwombe yeye, tukimkuta ana masikio ya kusikia."

Bucha la Maige tuliliuliza mara moja tu, kila mtu alilijua. Lilikuwa safi, na nyuma yake kulikuwa na ua wa matofali wenye ng'ombe kadhaa wanaosubiri zamu. Mageni hakungoja kukaribishwa. Aliingia uani, na nilimsikia kabla sijamwona: alikuwa anasalimu kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtoto wa kike anayemkuta baba yake hospitali. Mzee alikuwa amefungwa kwenye nguzo, amechafuka kwa safari, anatafuna. Alimtazama Mageni bila mshangao wowote.

Nilidhani shida imekwisha.

Maige alitoka akifuta mikono. Ni mtu wa makamo, Msukuma wa Kahama, Mwislamu tangu babu yake, ana kofia nyeupe na sauti ya upole isiyofanana na kazi yake. Nilijitambulisha. Nilieleza kosa kwa ufupi, nikasema turudishiane, na kwamba tutamletea dume mwingine mkubwa kuliko huyu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakuna kidevu.

"Mwalimu, ningekuwa nimemnunua kwa ajili ya bucha, ungeondoka naye sasa hivi," alisema. "Lakini huyu si wa bucha. Kesho nina hitima ya baba yangu. Mwaka mzima nimetafuta ng'ombe asiye na jeraha, asiyelimishwa. Jana alipofika nilimshika hapa kichwani nikatia nia. Nilisema kwa mdomo wangu, huyu ni wa Mzee Shabani. Sasa nikimbadilisha, nitamwambiaje baba?"

"Mungu anaelewa," nikasema.

"Mungu anaelewa. Baba alikuwa mgumu."

Mageni, aliyekuwa anamfuta dume tope kwa upindo wa khanga, alisimama. Nilimwogopa uso ule. Nilidhani atapiga kelele, watu wajae, na kabla ya jua kuzama Coletha awe amesikia kwamba mjane wa mkaguzi anagombea ng'ombe buchani na mchinjaji.

"Umeshamtaja?" aliuliza Mageni. "Jina la baba yako umelisema juu yake?"

"Nimelisema, mama."

"Na mimi nilisema la wangu juu yake zamani."

Wakatazamana. Lililonitisha ni kwamba walielewana. Mimi nilikuwa bado natafuta hoja, wao walikuwa wameshafika mwisho wake na kukuta ukuta.

Hapo akatokea mke wa Maige, akimkimbiza mtoto mdogo aliyeingia kwenye matope ya ng'ombe. "Baba mkwe! Baba mkwe, toka huko, utanichafulia nguo!" Mtoto alikuwa ameitwa Shabani, jina la babu yake, na mama yake alikuwa anamfokea kwa heshima zote. Mageni alianza kucheka, akajizuia, akalia.

Alinivuta pembeni, nyuma ya pipa la maji. "Wifi, sikiliza. Nikimchukua kwa nguvu, nimemnyang'anya yule mzee wa watu. Nitakuwa na wazee wawili wananidai, na mmoja wao simjui hata anachopenda. Nikimwacha, wangu amechinjwa bila kuulizwa. Vumilia atalipia upande wowote."

"Hakuna anayelipia, Mageni."

"Basi kwa nini umeshika rozari?"

Mkono sikuutoa mkobani.

Alikaa akifikiri, akivuta uzi kwenye pindo la khanga. Kisha akaenda kwa Maige. Pale uani kulikuwa na ndama dume, mweusi, ambaye mama yake alikuwa amechinjwa wiki ile. Akauliza kama ameahidiwa mtu. Hakuwa wa mtu. Mageni akasema: "Nipe huyo nimhamishie baba jina. Wewe mchukulie baba yako huyu mkubwa. Lakini lazima kwanza nimwombe. Akikataa, sijui tutafanyaje."

"Unamwombaje?" Maige aliuliza kwa tahadhari.

"Kwa maji. Namwagia mgongoni. Akijitikisa mwili mzima, amekubali. Asipojitikisa, amekataa."

Maige alirudi nyuma hatua moja. "Mama, hilo ni lenu. Mimi dini yangu hainiruhusu kushiriki. Alasiri imefika, naenda kuswali. Mkimaliza mtanikuta msikitini." Akamwambia kijana wa bucha ampe mama ndoo ya maji safi, akaondoka. Nilimheshimu kwa hilo. Na mimi ningeondoka, Mkristo niliyelelewa na masista, lakini nilibaki. Nilisimama ukutani na Fredy.

Mageni alivua viatu. Alichota maji kwa kibuyu alichokuwa nacho, akayamwaga taratibu kuanzia nundu mpaka mkiani, akisema jina la baba yake na la baba wa baba yake. Maji yaliteremka ubavuni, yakachuruzika na tope lake chini.

Dume hakutikisika. Alitafuna.

Tulisubiri. Inzi walitua mgongoni palepale penye maji na ngozi haikucheza. Nimesimamia mitihani maisha yangu yote, na sijawahi kungoja jibu la mtahiniwa kama nilivyongoja la yule dume. Nilijikuta namtazama mnyama kama natazama uso wa daktari. Mawazo yangu yalimkimbilia Vumilia, peke yake na Juliana, na nilijikasirikia kwa kuwaza hivyo, na nikaendelea kuwaza hivyo.

Mageni aliweka kibuyu chini, akashika kiuno.

"Baba," alisema, sasa kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda ili na mimi nishuhudie, "usininunie. Umenuna, unafikiri mimi sijui kununa? Nimekuchungia ng'ombe nikiwa mtoto, wenzangu wako shuleni. Sikukulaumu. Ulipopofuka nilikuwa macho yako. Ulipokufa nilikufunga kidevu kwa mikono hii. Asubuhi gani nimekunyima maji? Niambie moja! Sasa na wewe ulikuwa wapi? Fredy alipokufunga kamba, ulishindwa nini kupiga teke? Ulikwenda mwenyewe mpaka kwenye lori, unatembea kama bwana harusi! Una pembe, una kwato, una mdomo. Ulitaka kutembea, sema ulitaka kutembea. Huyu mtu ana baba yake, mzee mwenzako, na yeye anataka kula. Mpishe. Jina lako halipotei, linakwenda kwa huyu mdogo, na mtoto wa Vumilia atalisikia likiitwa kila siku. Usipomleta salama, baba, nani atakuita mimi nikifa? Fredy?"

Fredy aliangalia viatu vyake.

Akachota tena, akamwaga. Mara hii maji mengi yaliangukia shingoni. Dume aliinua kichwa. Mtetemo ulianzia kwenye nundu, ukapita mgongoni, ukafika mkiani, akajikung'uta mpaka maji yakaturukia sote usoni, mimi pamoja na miwani yangu.

Najua kwamba ng'ombe yeyote akimwagiwa maji hujikung'uta. Nimefundisha biolojia kidato cha kwanza. Lakini nilifuta miwani nikiwa na machozi, na Fredy aliyalamba maji mdomoni mwake bila kujua anachofanya.

Mageni alipeleka kibuyu kwa ndama mweusi, akamwagia yaliyobaki, akamwita jina. Kisha akarudi kwa mkubwa, akamwegemea shavuni kwa muda, akamwambia kitu ambacho hakikuwa cha sisi kusikia.

Maige alipotoka msikitini aliambiwa. Alisema Alhamdulillahi. Kisha akamwomba Mageni jambo: kesho tule nao. "Ng'ombe ametoka nyumbani kwenu. Mkiondoka bila kula, nitajiona nimemla peke yangu." Mageni alikubali mara moja, maana na kwao mwenye mnyama lazima aonje. Mimi nilitaka kukataa. Kulala Bugarama, kuonekana asubuhi nimekaa mkekani kwenye hitima, wiki moja kabla ya misa ya mume wangu! Nilimpigia Juliana. Alisema Vumilia amekula, anatembea uani, analalamika kiuno kidogo. Hilo la kiuno lilinikosesha usingizi kwenye kitanda kizuri cha mke wa Maige.

Ijumaa baada ya swala walisoma, wakaomba dua, kisha sinia zikaja. Tulikaa upande wa wanawake, chini ya turubai lililofungwa kuelekea barabarani, wazi kwa kila apitaye. Mageni alikata kipande cha nyama, akakiweka chini pembeni ya mkeka, ndipo akala. Mwanamke aliyekuwa karibu nasi aliona, akasogeza goti lake kukipisha, akaendelea na pilau.

"Mwalimu Paskazia! Nimeota au ni wewe?"

Coletha alikuwa amesimama barabarani na mwavuli. Nilikuwa na mkono wenye mafuta mpaka kwenye kifundo. Wanawake wote waligeuka. Mageni alinitazama, na niliona kwamba ananiacha nichague mwenyewe. Angekubali hata nimwite jirani.

"Ni mimi, Mama Coletha. Na huyu ni wifi yangu, dada wa marehemu."

"Msiba wa nani huu?"

"Ni hitima ya baba wa mwenye nyumba. Na baba mkwe wangu ana sehemu yake humu. Ni habari ndefu, si ya kusimulia umesimama."

Alitazama kipande kile pembeni ya mkeka. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko anavyotazama mtu asiyejua kitu ni nini. "Kwetu Ushirombo mwenye jina la babu alikuwa kondoo," alisema kwa sauti ya chini. "Mama alimuuza nilipoingia sekondari." Akafunga mwavuli. Alikaa ukingoni mwa mkeka, miguu nje na viatu vyake, akakubali kisahani kidogo.

Hatukufika kwenye hiyo habari ndefu. Simu yangu ililia. Alikuwa Juliana, anapumua kama amekimbia. "Mama Fredy, chupa imepasuka. Tuko kituo cha afya. Njooni."

Mageni alisimama na wali mkononi. Hatukumuaga mtu. Fredy aliendesha kirikuu kwa kasi ambayo siku nyingine ningemkemea, ndama akilia nyuma kwenye kila tuta. Nilitoa rozari hadharani sasa, nikasali kwa sauti, na Mageni akaitikia kila Salamu Maria. Katikati ya matendo ya rozari alikuwa akimgeukia baba yake kupitia kioo cha nyuma: "Unaona? Tumempisha mzee mwenzako, watu wamekula. Harakisha." Kisha, "Utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu, amina." Sikuona pa kumkatiza.

Kituoni hawakuturuhusu kuingia. Mlango wa wodi ya wazazi ulikuwa umefungwa na nyuma yake kulikuwa na sauti ambazo mama hapaswi kuzisikiliza bila kufanya kitu. Mageni alikaa chini, mgongo ukutani, macho yamefumbwa. Ndama alikuwa hanyamazi. Alilia na kulia, watu kwenye mabenchi wakageuka, muuguzi mmoja akauliza dirishani ni nani aliyeleta mnyama hospitali. Wawili kati ya wale waliokaa walikuwa wanafunzi wangu wa zamani. Walisimama kunisalimia.

Nilipita katikati yao, nikaenda kwenye kirikuu, nikaweka mkono kwenye kipaji cha yule mweusi. "Shikamoo, Mzee," nikamwambia. "Tulia kidogo, mjukuu wako anahangaika huko ndani." Sikuwa nanong'ona. Alinyonya vidole vyangu vilivyokuwa bado na ladha ya pilau, akatulia.

Mlango ulifunguka. "Ndugu wa Vumilia?"

Mageni alifumbua macho lakini hakuinuka. Nadhani hakuweza. Nikajibu mimi.

"Mbona mmekuja mikono mitupu?" muuguzi alifoka. "Leteni khanga za mtoto, upesi, ana baridi!"

Mfuko wa khanga ulikuwa umebaki nyumbani kwa haraka za Juliana. Nilikuwa nimejitanda khanga yangu ya doti mpya, niliyoinunua kwa ajili ya misa ya Benedict, yenye matone ya mafuta kifuani. Niliivua nikampa.